Lete Nikupokee

Siku mwanangu alipokimbia kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya njano nabangua karanga, na nilijua vizuri kabisa anakimbia kwa miguu ya nani. Nalisema mapema, usije ukanionea huruma katikati halafu ukajuta.

Uwanja wa Pamoja uko nyuma ya soko la zamani hapa Morogoro. Langoni wameandika kwa herufi za rangirangi: HAPA HAKUNA MTOTO WA PEMBENI. Miezi mitatu nilikuwa napita mbele ya maandishi yale nikisonya. Mwanangu Hidaya ana miaka sita, miguu yake haikushika tangu azaliwe, anatembelea fremu ya magurudumu, na mimi nilishachoka na viwanja vya watoto. Unafika, watoto wamejaa kwenye bembea, mama zao wanasema, "Jamani, mpisheni mwenzenu." Na wanampisha kweli, wote wanaondoka, mwanao anabaki na bembea zima peke yake. Sasa bembea la peke yako ni mchezo gani?

Huu ni tofauti, waliniambia. Huu watoto wanagawana.

Langoni alikaa Bi Sikitu, mama mtu mzima mwenye miwani minene na sauti ya kukwaruza, sanduku la bangili mapajani. Akamvisha Hidaya bangili ya mpira ya kijani.

"Shikamoo bibi," Hidaya akasema.

"Marahaba mjukuu wangu. Inakubana?"

"Hapana."

"Haya, ingia."

Hidaya akasukuma fremu yake mpaka kwenye sakafu ya mpira. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu akasimama, akaitazama miguu yake, akanitazama mimi. Kisha akaiachia fremu. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Akasimama wima, hakushika kitu, tumbo mbele, kama mtu anayepigwa picha.

Nilimkamata Bi Sikitu mkono nikaubana mpaka akasema, "Mama, utanivunja."

Alinieleza huku anafunga sanduku, kwa namna ya mtu aliyekwishaeleza mara mia. Kila mtoto mle ndani ana bangili. Bangili inasikiliza jinsi mwili unavyoiamrisha miguu, na sakafu inapeleka habari kutoka bangili moja hadi nyingine. Nguvu ya huyu inaazimwa kidogo, udhaifu wa yule unagawanywa kidogo. Siku hiyo walikuwepo watoto ishirini na watatu, na mzigo wa Hidaya ukigawanywa kwa wote hao, kila mmoja anahisi tu kama viatu vimeshika matope. Mtoto akitoka langoni, kipande chake kinabaki ndani kwa wenzake, yeye anaondoka mwepesi. Hidaya naye akitoka, mzigo wake wote unamrudia.

"Na wakitoka watoto wengi?" nikauliza.

Bi Sikitu akavua miwani akaifuta kwa kanga. "Tuombe wasitoke wengi," akasema.

Juu ya kichwa chake kulikuwa na skrini kubwa. UZITO WA LEO: MWEPESI. Maandishi yalikuwa ya kijani.

* * *

Nikiwa bado nimesimama pale na kikapu changu, msichana mmoja akanijia mbio. Miaka saba au nane, sketi ya shule, nywele za mistari miwili. Simjui, hanijui.

"Shikamoo mama, lete nikupokee!" Na kikapu kikawa kimeshatoka mkononi mwangu. Akakipeleka mpaka kwenye benchi ya njano, akakiweka vizuri kisije kikapinduka, akarudi mchezoni.

Mama yake alikuwa kwenye benchi hiyohiyo, mwembamba, mtoto mchanga mgongoni. Akacheka. "Huyo Stamili hawezi kumwona mtu na mzigo akatulia. Nimemfundisha tangu anajifunza kutembea. Mtu akitokeza tu njiani, kimbia ukampokee."

"Umemlea," nikasema.

"Ah, tunajitahidi."

Nilimpenda pale pale. Hakuniuliza mwanangu ana nini. Hakusema "pole". Alimtazama Hidaya akipanda ngazi za mtelezo, ngazi moja, pumzi tatu, ngazi nyingine, akasema tu, "Mwenzetu ana haraka huyo." Tukala karanga. Baadaye yule mchanga akaanza kulia, akaangalia saa.

"Mama Hidaya, mdogo wake ana chanjo ya saa tisa, kliniki hapo ng'ambo. Niangalizie Stamili kidogo. Nakwenda narudi."

"Nenda, mwanao ni wangu."

Ndivyo nilivyosema. Bi Sikitu akatuita langoni, nikabonyeza kidole gumba kwenye kioo, nikaandikwa mlezi wa Stamili mpaka mama yake arudi. Nikapewa na kisanduku kidogo cha kushika mkononi, chenye vitufe viwili. Mama Stamili akaondoka akimtikisa mtoto mgongoni. Wala hakuinua macho kuiangalia skrini. Katika wazazi wote waliokuwepo siku ile, ni yeye peke yake ambaye hakuiangalia.

Maana wengine, weee! Watoto wachache walishaanza kwenda zao, wakaiona skrini ikigeuka njano kabla sijamaliza kukaa.

Alianza mama mmoja wa kilemba cha zambarau. Akaja mpaka kwenye benchi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanao mzuri, mashaallah. Sisi tuna msiba, tunawahi." Kwenye mkoba wake nguo ya kuogelea ya mtoto ilikuwa imetokeza nje. Akafuata baba mmoja aliyeacha maharage jikoni. Akafuata wa mtoto mwenye homa, na mtoto mwenyewe anavutwa mkono huku anapiga kelele kwamba hana homa. Walikuja mmoja mmoja, kwa heshima zote. Hakuna hata mmoja aliyesema hataki. Kwetu sisi mtu hasemi hataki, anatafuta udhuru, na wewe unaupokea udhuru wake kwa mikono miwili kana kwamba umeusadiki.

"Poleni na msiba," nikawa nasema. "Mungu amjalie nafuu. Wahini maharage."

Na meno nayatoa nje.

Kila mmoja alipotoka nilimwona Hidaya anapungua. Ngazi zikamshinda. Akaenda kwenye meza ya mchanga, ile ndefu waliyoitengeneza ili mtoto wa kwenye kiti cha magurudumu aifikie, akaning'inia pembeni yake. Watoto kumi. Sita. Akaanguka akainuka. Watatu. Wale wawili wa mwisho walikuwa ndugu. Mama yao hakuja hata kuniaga, na nilimheshimu zaidi kwa hilo. Skrini ikawa ya rangi ya chungwa.

Akabaki Hidaya, kwa magoti na viganja, na Stamili amesimama mbele yake.

Uwanja mzima wa bembea na ngoma na mitelezo, na watoto wawili. Nikajisemea, haya, ndiyo yaleyale ya siku zote. Nikaanza kukusanya maganda ya karanga nimchukue wangu twende zetu. Laiti ningemchukua.

Stamili akachuchumaa. Akamshika Hidaya kifundo cha mkono, penye bangili. Ndivyo walivyoitengeneza, kumbe: mtoto akitaka kubeba zaidi ya kipande chake, anamshika mwenzake pale, anahesabu pumzi tatu.

"Lete nikupokee," akasema.

Bangili zikalia pamoja. Stamili akaketi chini, kwa kishindo, kama mtu aliyevutiwa kiti. Akashangaa. Halafu akacheka, akajipiga kofi pajani. "Imelala! Mama Hidaya, miguu imelala yote!"

Na Hidaya akainuka.

Sikiliza. Nilishamwona amesimama saa ile langoni, hilo nimekwambia. Hili lilikuwa jingine. Alitembea hatua nne, akatambua kuwa hakuna kinachomvuta chini, akakimbia. Alikimbia vibaya, mikono juu, mdomo wazi, hajui kona inakatwaje, akagonga ngoma akaizunguka, akapanda ngazi za mtelezo bila kupumzika, akashuka, akapanda. "Mama, niangalie! Mama, huniangalii!" Namwangalia, mwanangu. Nalia na karanga mdomoni.

* * *

Kisanduku kikatetemeka mkononi. MLEZI WA STAMILI: MTOTO AMEBEBA PEKE YAKE DAKIKA AROBAINI. Chini yake vitufe viwili. KATA. BADO.

Nikabonyeza BADO. Dakika kumi tu, nikajiambia. Nani atamnyima mtoto dakika kumi?

Bi Sikitu akaja akikokota kandambili. "Umekiona kisanduku?"

"Nimekiona."

"Zikifika dakika sitini mzigo unakaa. Mwili wake utadhani ndio hali yake. Hata lango halitautoa tena."

"Si ukate wewe, wewe ndiye mwenye uwanja."

"Mimi sina kidole humo. Walituondoa. Wazazi walilalamika kwamba tunawakatiza watoto michezo." Akainama karibu, nikasikia harufu ya tangawizi. "Kata, mwanangu."

"Nakata, bibi. Anamalizia kushuka tu."

Akanitazama. Langoni kengele ikalia, mtu wa kuleta maji, ikabidi arudi.

Nataka nikwambie nilichofikiri. Nilifikiri huenda wanatutisha tu, mashine zinapenda kutisha. Nilifikiri kuwa mimi nimembeba wangu mgongoni miaka sita, msikitini, sokoni, hospitali, na hakuna aliyenipokea hata hatua moja, basi acha na mwingine abebe. Nilifikiri kwamba Mama Stamili ana watoto wawili. Ndiyo, nilifikiri na hilo, na wewe uliyenuna hapo hebu jiulize ungefikiri nini. Lakini yote hayo nilikuja kuyapanga baadaye. Pale kwenye benchi kichwani mwangu lilikuwemo neno moja: anakimbia.

Stamili alikuwa anajivuta kwa mikono kuelekea meza ya mchanga. Akaifikia, akanyoosha mkono, mchanga uko juu. Akaacha. Akajivuta mpaka kwenye benchi yangu.

"Mama Hidaya, naomba maji."

Nikampa. Nilimfungulia hata kifuniko.

"Inaniuma hapa," akasema, akagusa nyonga.

"Vumilia, mama yako yuko njiani."

Akanywa. Akamtazama Hidaya anavyoruka kutoka ngazi ya pili, ya tatu. Kisha akanong'ona, "Usimwambie Hidaya kwamba inauma. Ataacha kucheza."

Kisanduku kikatetemeka. Hamsini. Nikabonyeza kwa mkono niliouficha chini ya kikapu. Hamsini na tano kikatetemeka tena, safari hii kikalia na mlio, Stamili akageuza shingo.

"Ni nini hicho?"

"Simu tu," nikasema. Nikabonyeza BADO. Kidole kilikuwa na chumvi ya karanga, kikaacha alama juu ya kioo.

Baada ya hapo kikanyamaza. MZIGO UMEKAA, kiliandika. ASANTE KWA KUCHEZA PAMOJA.

* * *

Mama Stamili alirudi saa kumi kasoro, mtoto mchanga analia kwa sindano, mkononi fuko la ndizi. Stamili alimwona kabla yangu.

"Mama, shikamoo! Lete nikupokee!"

Akajisukuma kwa mikono ainuke. Akaanguka. Akajisukuma tena. Uso wake ulikuwa bado unacheka, alikuwa analitazama lile fuko tu.

"Inuka basi, wewe, acha utani," mama yake akasema. Halafu akaiona miguu ilivyolala.

Alimtupia Bi Sikitu yule mchanga, akamwinua Stamili, akampitisha langoni. Lango likawaka kijani, safi, kama kawaida. Miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia. Akarudi naye ndani, akamtoa tena. Kijani. Akarudi mara ya tatu. Mara ya nne Bi Sikitu akamshika bega.

"Umekaa, mama. Lango halitautoa." Akameza mate. "Lakini mwenyewe anaweza. Yule ambaye mzigo ulitoka kwake akimshika mwenzake mkono na akataka kwa moyo wake, unarudi. Mpaka saa kumi na mbili, tunapozima bangili. Tukishazima, basi tena."

Macho yote yakanijia. Hidaya alikuwa juu ya mtelezo, anaimba.

Nilitegemea matusi. Nilishajiandaa, mimi ulimi ninao. Mama Stamili akaja taratibu, mwanawe amempakata, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Hidaya, ulikuwa unamwangalia?"

"Nilikuwa namwangalia," nikasema. Sikudanganya.

Akapiga magoti. Mtu mzima, mwenzangu, mbele ya benchi, kwenye maganda yangu ya karanga. "Nakuomba. Sisemi kitu, sitashitaki mtu, sitakutaja kwa yeyote. Mwambie mwanao tu. Nakuomba, dada yangu."

Nilikuwa nafunga kikapu.

Hidaya akashuka mtelezo, akaja mbio, akasimama mbele yao akihema. Akamwona Stamili amepakatwa, akaiona miguu. Anaijua ile miguu. Ameishi nayo miaka sita, anajua inavyolala na inavyouma nyonga. Alinyoosha mkono wenye bangili, kama Stamili alivyomnyooshea yeye mchana ule.

"Stamili," akasema, "lete nikupokee."

Na Stamili naye akanyoosha wake.

Nilimdaka Hidaya kwapani. Vidole vyao vilikuwa vimeshagusana, sijui kwa pumzi moja, sijui moja na nusu. Nikamvuta nyuma, akapiga ukelele, Mama Stamili akashika gauni langu likachanika mshono. Nikavuta. Bi Sikitu akawa anasema, "Mama, bado kuna saa mbili nzima. Mama, keti kwanza." Nikavuta mpaka langoni. Fremu ya Hidaya ilikuwa imesimama pale pale tulipoiacha.

Niligeuka. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza kungekuwa na staha zaidi, naona hivyo siku hizi.

"Ile fremu chukueni," nikasema. "Inaongezwa urefu, kuna skrubu chini."

Nikaivua bangili ya Hidaya, nikaitupa sandukuni.

Nje ya lango kuna udongo mwekundu wenye kokoto. Hidaya alisimama juu yake kwa miguu miwili, bila mpira, bila sakafu ya kuazimisha, na miguu ikamshika. Nikamshika mkono, "Twende mama, twende nyumbani, tembea tuone." Akatembea hatua sita. Nilizihesabu. Kisha akaketi katikati ya njia.

"Turudi," akasema.

"Stamili anapumzika."

"Hapumziki. Inamuuma. Turudi nikachukue yangu."

"Si yako tena."

"Ni yangu!" Akalala chifudifudi, akashika kokoto kwa mikono yote. "Ni yangu mimi, sikumpa, alinipokea tu! Mtu akikupokea si anakurudishia mkifika?"

Watu wakaanza kusimama. Mama mmoja na ndoo yake akauliza, "Kulikoni, mtoto ana nini?" Nikasema ana deko. Nikainama, nikamwinua kwa nguvu, nikamfunga mgongoni kwa kanga kama siku zote, mtoto wa miaka sita mzima wa afya, nikamkaza fundo kifuani asishuke.

Akanipiga mateke njia nzima, nami makusudi nilipita ile ndefu ya kuzunguka. Kiunoni, mapajani, kwenye mbavu, huku anaita jina la mwenzake mpaka sauti ikamkauka. Mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Tulipofika nyumbani adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, na kule uwanjani Bi Sikitu bila shaka alikuwa ameshazima. Nikamfungua, nikamlaza kitandani, nikavua gauni lililochanika nikajitazama kwenye kioo. Nilikuwa nimejaa alama za visigino mwili mzima, nyekundu, za mguu wenye nguvu.

Nikazigusa moja moja. Mungu anilaani, nilifurahi.